Umbali wa Kuni

Tarehe 28 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walianza kuvuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda na kuingia Ngara, Tanzania, wengi wao ndani ya saa 24 tu. Kilichobaki katika kumbukumbu ya nchi kuhusu siku ile ni wingi: barabara imefunikwa na watu, mizigo vichwani, watoto wameshikana mikono wasipoteane. Ripoti za wakati ule nazo zilihesabu wingi. Zilihesabu mahema, tani za mahindi, lita za maji, makaburi. Swali lililochelewa kuulizwa lilikuwa dogo kuliko hayo yote, nalo ndilo lililonifanya niandike: mahindi yale, yakishashushwa kwenye lori, yalipita mikononi mwa nani kabla ya kufika kwenye chungu cha mama aliyekuja peke yake na watoto? Katika kambi za Wanyarwanda, Goma ya mashariki mwa Kongo hasa, mgao ulianza kwa kupitia viongozi wa komuni waliokimbia pamoja na raia wao. Ilionekana njia rahisi, maana viongozi hao waliwajua watu na walikuwa na orodha. Baadhi yao ndio walioongoza mauaji ya kimbari nyumbani Rwanda. Mjane asiye na shemeji wala kaka wa kumsemea hakuwa na nafasi kubwa katika orodha ya namna hiyo.

Ushahidi wa yaliyofuata ulipatikana Goma. Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu waliingia huko kwa siku chache, na karibu 50,000 wakafa ndani ya mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Wataalamu wa magonjwa ya mlipuko walipima watoto na kuchapisha matokeo mwaka uliofuata katika jarida la tiba la The Lancet. Kati ya asilimia 18 na 23 ya watoto walikuwa na utapiamlo mkali. Walipotafuta ni watoto gani walio hatarini zaidi, waliona makundi mawili: waliotoka kuugua kuhara damu, na wanaoishi katika kaya zinazoongozwa na wanawake. Kuhara damu ni ugonjwa. Kulelewa na mama peke yake si ugonjwa. Hakuna kijidudu kinachochagua kaya isiyo na baba. Kilichochagua ni foleni, orodha, na nguvu ya mkono unaoshika debe. Mtoto yule alikonda kwa sababu mama yake hakuwa na jina lake mwenyewe kwenye karatasi ya mgao.

Tangu hapo nimekuwa na hoja moja, na kila nikisoma habari mpya za wakimbizi inazidi kukaa sawa. Tunazoea kusema haki za wanawake na watoto waliokimbia makwao kana kwamba ni jambo la wanasheria, na afya yao kana kwamba ni jambo la waganga, viwili hivyo vikikutana siku ya maadhimisho tu. Naona ni kitu kimoja, na makao yake ni vipimo vya kambi: hatua kutoka hemani hadi chooni, jina lililo kwenye kadi ya posho, saa zinazopita kati ya shambulio na kidonge, na umbali wa kuni. Anayepanga vipimo hivyo anaamua nani ataugua na nani atanyanyaswa, ajue asijue.

Nianze na kuni, kwa sababu hapo ndipo jambo linapoonekana bila pazia. Posho ya kambini kwa kawaida ni mahindi au unga, maharage au njegere, mafuta na chumvi. Maharage makavu hayaliki bila moto wa saa kadhaa. Kwa miaka mingi mashirika yaligawa maharage bila kugawa cha kuyapikia, na kwa hiyo kila kilo iliyotoka ghalani ilitoka pamoja na safari ya porini. Safari hiyo haikugawiwa sawa. Ilikuwa ya mama na binti. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 iliwataka wakimbizi wakae katika maeneo yaliyotengwa, na utaratibu wa makambi ya Kigoma uliweka mpaka wa kilomita 4. Katika kambi yenye makumi ya maelfu ya watu kuni za ndani ya kilomita 4 huisha haraka. Mwanamke akavuka, na alipovuka akawa amevunja sheria. Aliyemvizia njiani alilijua hilo. Alijua kwamba yule mama akienda polisi itabidi kwanza aeleze alikuwa anatafuta nini kule. Mpaka uliokusudiwa kulinda usalama ukawa ngao ya mhalifu.

Haya si ya kukisia. Mei 1999, wilayani Kasulu, kundi la wanawake wa Kirundi wapatao 50 waliokwenda kutafuta kuni na chakula walishambuliwa na kubakwa na wanaume wa vijiji vya jirani. Shirika la Human Rights Watch liliandika tukio hilo katika ripoti yake ya mwaka 2000 kuhusu ukatili wa kingono na wa majumbani katika makambi ya Tanzania. Miaka michache kabla, katika kambi ya Kanembwa wilayani Kibondo, uchunguzi wa Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji ulikuta karibu robo ya wanawake na wasichana wa miaka 12 hadi 49 wakisema wamefanyiwa ukatili wa kingono. Robo. Katika wanawake 4 waliopanga foleni, mmoja. Na wale waliosema ni wale waliopata mtu wa kuwasikiliza.

Atasema mtu: basi gawa kuni, mambo yaishe. Ndivyo ilivyofanyika Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako mwaka 1998 ulianzishwa mradi wa kugawa kuni kwa wakimbizi, wengi wao Wasomali, hasa kwa ajili ya kupunguza ubakaji. Tathmini ya mradi huo haikuwa ya kufurahisha upande wowote. Katika vipindi ambavyo kaya zilikuwa na kuni za kutosha, ubakaji wakati wa kuokota kuni ulipungua kwa asilimia 45. Katika vipindi hivyo hivyo ubakaji mahali pengine uliongezeka. Wapo waliochukua matokeo hayo kuwa hukumu: kuni hazikuwa sababu, fedha zimepotea. Mimi nayasoma vingine. Kupungua kwa karibu nusu katika njia moja ya hatari ni kazi kubwa kuliko miradi mingi inavyoweza kuonyesha. Ongezeko la pengine linatuambia kwamba mshambuliaji hakuwa mti wala kichaka. Alikuwa mtu anayejua kwamba hatakamatwa, na mwanamke asipokwenda kwake, yeye atamfuata hemani. Kwa hiyo kuni peke yake hazitoshi, kama vile chandarua peke yake hakimalizi malaria, na sijapata kusikia mganga akishauri watu watupe vyandarua kwa sababu hiyo. Zigawiwe kuni, au majiko banifu na makaa yaliyotengenezwa kwa taka za mimea, na pamoja nazo ziwekwe taa, doria, mahakama inayosogea hadi karibu na kambi, na polisi wa kike. Mradi wa Dadaab ulishughulikia njia na kuacha mlango.

Wala hili si la karne iliyopita. Mapigano ya waasi wa M23 mashariki mwa Kongo yalipowasukuma watu hadi makambi ya kuzunguka Goma kuanzia mwaka 2022, mama waliokuwa wakilima mashamba yao Rutshuru na Masisi walijikuta wakiingia hifadhi ya Virunga kutafuta kuni na mboga, katikati ya watu wenye silaha wa kila upande. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilitangaza kwamba mwaka 2023 liliwatibu nchini Kongo zaidi ya watu 25,000 waliofanyiwa ukatili wa kingono, idadi ambayo ni zaidi ya wawili kila saa, mchana na usiku, wengi mno kati yao wakiwa wanawake, na wengi wao wakitoka makambi hayo ya Kivu Kaskazini. Lugha inayowaunganisha watu wa eneo hilo ni hii ninayoandikia. Miaka karibu 30 ilikuwa imepita tangu Lancet ichapishe yale ya Goma, na sentensi iliyosikika kliniki ilikuwa ile ile: nilikuwa nimeenda kuni.

Pingamizi kubwa kuliko yote husemwa na watu wema, tena waliochoka kwa kazi. Wanasema: wakati wa dharura kwanza okoa uhai; haki zitakuja hali ikitulia. Maji, chanjo ya surua, chakula, mahema, kisha hayo mengine. Naiheshimu hoja hii kwa sababu surua katika kambi yenye msongamano huua watoto kwa kasi ya kutisha, na siku ya kwanza hakuna mwenye mikono ya kutosha. Lakini inajengwa juu ya dhana kwamba kuna uhai upande mmoja na haki upande mwingine, na dhana hiyo haisimami mbele ya mwili wa mwanamke. Inakadiriwa kwamba katika kila wajawazito 100 wapatao 15 hupata matatizo yanayohitaji huduma ya dharura. Kondo la nyuma haliahirishi kutoa damu kwa sababu kuna vita. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU baada ya kubakwa hufanya kazi ikianzwa ndani ya saa 72. Kuzuia mimba, ndani ya siku 5. Hali ikitulia katika wiki ya 6, kwa mwanamke aliyebakwa utulivu umekuja wakati muda wa dawa umekwisha. Ni kwa kutambua hilo ndipo katikati ya miaka ya 1990 mashirika yalikubaliana juu ya huduma za chini za afya ya uzazi zinazotakiwa kuanza mara tu dharura inapozuka: mratibu mmoja anayewajibika, tiba kwa waliobakwa, kinga ya VVU, njia ya kumpeleka hospitali mjamzito aliyezidiwa, na kifurushi cha kujifungulia chenye karatasi ya plastiki, sabuni, wembe mpya na nyuzi za kufungia kitovu. Vitu hivyo vinaenea kwenye mfuko wa mkononi. Lori linaloleta mahema lina nafasi yake.

Nitaongeza jambo linalosahaulika kwa sababu linaonekana ni la usafi tu. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yameviandaa tangu mwaka 1997, vinataka watu wasiozidi 20 kwa choo kimoja, choo kisiwe mbali zaidi ya mita 50 na makazi, na kiwe na komeo la ndani. Komeo ni kipande cha chuma au hata cha mti. Mahali pasipo komeo wala taa, wasichana huacha kunywa maji jioni wasilazimike kutoka usiku, na siku za hedhi hujifungia hemani na kukosa shule. Mhandisi wa maji anayechimba choo bila kuwauliza anajenga kitu ambacho nusu ya watu hawatakitumia gizani. Kisha kinyesi kitakuwa nyuma ya mahema, na mvua ya kwanza itafanya iliyobaki.

Pingamizi jingine hutoka kambini kwenyewe na vijijini mwetu pia: mambo ya kadi na nani ashike posho ni ya ndani ya nyumba, mgeni asiyaingilie, kumpa mke kadi ni kumvua mume heshima. Mwanamume aliyekuwa na shamba, ng'ombe na neno barazani, akafika mahali ambapo haruhusiwi kufanya kazi wala kutoka, amepoteza mengi, na kumnyang'anya kadi mbele ya watu bila maelezo ni kuwasha moto ndani ya hema. Hilo nakiri bila kusita. Lakini wenye kulisema hawana budi kutazama kinachotokea kadi inapokuwa kwa mume peke yake: posho inauzwa, mume anahamia kwa mke mwingine na kadi mfukoni, mke anayepigwa hawezi kuondoka kwa sababu akiondoka watoto hawatakula. Hapo kadi ni pingu. Mwaka 2001 shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lilitoa ahadi 5 kwa wanawake wakimbizi, na mojawapo ni kwamba kila mmoja ataandikishwa kwa jina lake na kupewa hati yake. Mwaka 2009 Umoja wa Afrika ulipotunga Mkataba wa Kampala kuhusu waliohamishwa ndani ya nchi zao, uliwataja waziwazi wanawake wanaoongoza kaya, wajawazito, mama wenye watoto wadogo na watoto waliotengana na wazazi, na kusema wanawake na wanaume wana haki sawa ya kupata hati kwa majina yao wenyewe. Hao wanaoongoza kaya ni wale wale ambao watoto wao walionekana kwenye mizani ya Goma mwaka 1994. Hakuna aliyetaka kuvunja ndoa. Kuandika majina mawili mahali pa moja hakumpunguzii mume chochote alichokuwa anakila kwa haki.

Na tusidhani kwamba hatari inakaa nje ya uzio au ndani ya nyumba pekee. Mwaka 2002 ilifichuka kwamba huko Guinea, Liberia na Sierra Leone baadhi ya watumishi wa misaada walikuwa wakiwataka wasichana kimapenzi ili wawape chakula, turubai au sabuni. Mwaka uliofuata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa waraka wa kupiga marufuku mwenendo huo. Waraka ni mzuri, ila msichana wa miaka 14 hausomi. Anachoweza kusoma, au kusomewa, ni ubao ulioandikwa kwa lugha yake penye ghala, ukisema kila mtu anastahili kilo ngapi, na kwamba hakuna anayelipia kwa chochote. Ahadi nyingine za UNHCR zilitaka nusu ya wajumbe wa kamati za kambi wawe wanawake na washiriki katika kugawa chakula. Mwanamke akishika debe hawi malaika kwa kuwa mwanamke. Lakini mlango wa kudai malipo ya aibu kwa binti unakuwa mwembamba zaidi.

Sasa lile la wenyeji, ambalo Kigoma halikwepeki. Mwananchi wa Kasulu au Kibondo, katika mkoa ulio miongoni mwa maskini nchini, anauliza kwa nini mkimbizi apate mkunga na dawa ya bure huku mke wake akibebwa kwa baiskeli hadi zahanati. Swali hili lina haki ndani yake, na jibu la kwamba yeye ana nchi halimshibishi. Lakini historia ya mkoa wenyewe inajibu vizuri zaidi. Mei 2015 Warundi kwa maelfu walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, bila barabara, hata ikabidi meli ya MV Liemba iwabebe hadi Kigoma mjini. Kipindupindu kilizuka. Ndani ya wiki chache wagonjwa walifika 3,000 hivi na waliokufa walikuwa wapatao 30, wenyeji wakiwemo. Maji ya ziwa hayakuuliza kadi. Vivyo hivyo kwa yule mkunga: wodi ya wazazi iliyojengwa kambini ikimpokea pia mama wa kijiji cha jirani, na dawati la jinsia na watoto la polisi likiwasikiliza wote wawili, wivu unakosa pa kushika. Mama wa Kitanzania aliyebakwa naye anahitaji tiba ndani ya saa 72, naye mara nyingi huambiwa akalete fomu ya polisi, PF3, kwanza, ingawa fomu ile ni ya ushahidi wa mahakamani na tiba haipaswi kuisubiri. Anayerekebisha utaratibu huo kwa ajili ya Mrundi anamrekebishia na Muha mwenyeji.

Limebaki la fedha, na hili ndilo ninaloliogopa zaidi kwa sababu halina mtu wa kubishana naye. Wafadhili wanapunguza, na kila wakipunguza wanaambiwa huduma za msingi zitalindwa. Katika makambi ya Tanzania, Mpango wa Chakula Duniani ulilazimika kushusha posho kwa hatua mwaka 2023 hadi ikafika nusu ya kiwango kamili, kile cha kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwenye jedwali la bajeti, hilo ni punguzo la chakula. Ukilifuata hadi hemani linageuka. Mama anayenyonyesha hula mwisho, na maziwa hupungua. Mtu mwema akileta maziwa ya kopo, huchanganywa na maji yasiyochemshwa kwa sababu kuni hazipo, na mtoto anaharisha. Binti mkubwa anatolewa shule akalee wadogo, kisha anakuja mchumba mwenye vitu kidogo. Na mama mwenyewe, akiwa na nusu ya unga, anatoka alfajiri kwenda kulima kibarua mashambani mwa wenyeji, mbali kuliko zilikokuwa kuni, kwa malipo ambayo hawezi kuyadai mahakamani maana hakuruhusiwa kuwa pale. Akitendewa ubaya njiani, kliniki ya kambi iliyopunguziwa watumishi katika bajeti hiyo hiyo itakuwa imefungwa saa atakayorudi. Gharama ya safari hiyo haimo katika jedwali lolote la bajeti nililosoma, na anayeandaa la mwaka ujao anaweza kuiandika leo: kilomita ngapi, kwa saa ngapi, na nani anatembea.